Torenti, linki ya moja kwa moja, Usenet au kustrimu: kisheria ipi inakuweka pabaya zaidi?

#1 Mchimba Kisima
Wakuu, salaam.

Kuna kauli inarudiwa kila panapozungumzwa kugawana mafaili: "Kupakua si kosa, kosa ni kupakia." Wanaoishikilia wanahitimisha kwamba mtumiaji wa torenti (njia ambayo watumiaji wanapeana vipande vya faili wao kwa wao) yumo hatarini, na anayeshusha kwa linki ya moja kwa moja, Usenet (mtandao wa zamani wa seva za majadiliano unaobeba pia mafaili) au kustrimu hana la kuogopa. Naona kauli hiyo ina ukweli ndani yake lakini imebebeshwa mzigo usio wake. Sheria ya hakimiliki haitaji jina la programu. Inauliza: umenakili? Umeiweka kazi mahali ambapo wengine wanaweza kuifikia? Ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba chanzo si halali? Kuna njia inayogusa swali moja tu, na kuna inayogusa yote matatu kwa mpigo.

Naomba tupitie njia moja moja. Sitafuti mbinu za kukwepa, nataka tujue mashine inafanya nini hasa na sheria inakiitaje kitendo hicho.

#2 Fundi Traka
Nianze na torenti, maana wengi wanaitumia bila kujua kinachoendelea chini.

Faili linakatwa vipande, mara nyingi kati ya KiB 256 na MiB 16 kutegemea ukubwa wake, na kila kipande kina hashi yake, yaani alama ya kidijitali ya kukithibitisha. Kinachoombwa na kutumwa kwenye waya ni vitalu vya KiB 16. Kipande chako cha kwanza kikikamilika na hashi ikakubali, programu inawatangazia wenzako kwenye kundi (wote wanaogawana faili hilo) kwamba unacho, na mwenye kukiomba anapewa. Haingoji umalize. Ukiwa asilimia 2 tayari wewe ni mgawaji.

Wapo wanaosema "nikimaliza nafuta torenti papo hapo, kwa hiyo sijagawa". Aangalie safu ya uwiano (alichopakia kikilinganishwa na alichoshusha). Faili la GB 4 likiisha na uwiano ukasoma 0.15, ameshawapa watu karibu MB 600. Kosa jingine linaloonekana sana: mtu anaandika 0 kwenye kikomo cha kupakia akidhani amezima. Kwenye qBittorrent 0 maana yake hakuna kikomo kabisa, kwa hiyo amefanya kinyume cha alichokusudia. Na ukiweka 1 bado unagawa, ila polepole, huku na wewe unashushiwa kasi kwa sababu mfumo huu ulivyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001 unampendelea anayetoa.

#3 Wakili wa Zamu
Nashukuru kwa #2, kwa sababu hilo ndilo lililobishaniwa mahakamani. Watetezi walisema kipande kimoja si kazi, hakichezeki, hakisomeki, basi hakuna kilichogawiwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa hoja hiyo Juni 2021 kwenye kesi ya Mircom. Ilisema kupakia vipande kwenye kundi ni kuiweka kazi mbele ya umma, hata kama kipande peke yake hakitumiki, na hata kama programu inapakia yenyewe bila kubonyezwa, ilimradi mtumiaji aliikubali programu hiyo baada ya kuelezwa inavyofanya kazi.

Sasa ile kauli ya "kupakua si kosa". Uholanzi ndivyo walivyoamini kwa miaka mingi, kwamba nakala ya matumizi binafsi ni ruhusa hata chanzo kikiwa haramu. Aprili 2014 mahakama hiyohiyo, kesi ya ACI Adam, ikasema msamaha wa nakala binafsi haufuniki chanzo haramu. Kauli ikafa kwa Umoja mzima. Japani walikwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2012 kupakua muziki au video kwa kujua kuwa vimewekwa kinyume cha sheria ni jinai, hadi miaka 2 jela au yeni milioni 2, na Januari 2021 katazo la kupakua likapanuliwa kufikia kazi nyingine kama vibonzo na maandishi.

Uswisi ndiko kauli hiyo bado ina uhai. Kupakua kwa matumizi binafsi kunaruhusiwa, kupakia hapana, na programu za kompyuta hazimo kwenye ruhusa hiyo. Kwa hiyo hata Uswisi torenti inakutoa nje ya mstari, kwa sababu ya kile alichoeleza Fundi.

#4 Kaka Bandiko
Wakili umeanza na Ulaya, Marekani umeiacha. Na kustrimu je? Pale sigawi chochote na wala sihifadhi.

#5 Bi Hashi
Kaka, kuhusu "sihifadhi", hapo pana kazi. Ukistrimu, kivinjari kinaweka sekunde kadhaa za video kwenye kumbukumbu au kwenye kache ya diski. Hiyo ni nakala, ingawa ya muda. Sheria nyingi zinasamehe nakala za muda, lakini kwa masharti. Aprili 2017, kesi ya Filmspeler iliyohusu vile visanduku vya televisheni vilivyouzwa vikiwa vimeshapachikwa viongezo vya kufungulia tovuti haramu, mahakama ya Ulaya ilisema nakala ya muda inayotokana na chanzo ambacho mtazamaji anajua hakina idhini haisameheki. Kwa hiyo Ulaya mtazamaji yumo kwenye kosa la madai, ingawa kumpata ni shughuli nyingine.

Marekani sheria ya Desemba 2020 kuhusu kustrimu ilimlenga mwenye huduma anayerusha kazi za watu kwa faida, hadi miaka 10 jela. Haikumgusa mtazamaji.

Hatari kubwa iko kwingine. Kuna programu zina sura ya kustrimu, unabonyeza picha ya filamu inaanza kucheza, kumbe chini ni torenti inayovuta vipande kwa mpangilio wa kutazama. Mtu anaapa alikuwa "anatazama tu" na IP yake (anwani ya muunganiko wake mtandaoni) imeandikwa kwenye kundi akigawa kwa saa mbili. Dalili ni rahisi: fungua kipimo cha mtandao cha mfumo wako wakati video inacheza. Trafiki ya kutoka ikiwa ndogo sana ukilinganisha na inayoingia, huo ni mtiririko wa kawaida. Ikitoka mfululizo na kwenda kwa anwani nyingi tofautitofauti, unagawa.

#6 Mlinzi wa Ruta
Naheshimu sheria zote zilizotajwa, lakini sikubali kwamba ndizo zinazoeleza kwa nini watu wa torenti ndio wanaopelekewa barua. Sababu ni kuonekana.

Kwenye torenti anwani yako ya IP ni sehemu ya mazungumzo yenyewe. Lazima wengine waijue ili wakutumie vipande. Kampuni ya ufuatiliaji inachofanya ni kujiunga na kundi kama mwanachama mwingine yeyote, kuchukua orodha kutoka kwenye traka (seva inayoorodhesha wanachama), DHT (orodha kama hiyo isiyo na seva ya kati) na orodha wanazobadilishana wanachama, kuunganika na kila mmoja na kuandika mambo haya: IP, namba ya poti (mlango wa muunganiko kwenye IP hiyo), saa, na hashi ya torenti. Zilizo makini zinapakua kipande halisi kutoka kwako na kuhifadhi pakiti zake. Baada ya hapo ni kumuuliza mtoa huduma wa intaneti, kwa amri ya mahakama, nani alikuwa na IP hiyo saa hiyo.

Anayeshusha kwa linki ya moja kwa moja anaonekana na seva peke yake. Anafanya kosa lilelile la kunakili, lakini hakuna wa tatu anayemwona. Tofauti ya hatari iko hapo. Uzito wa sheria unakuja baadaye.

#7 Wakili wa Zamu
Mlinzi, ukiondoa sheria hiyo orodha yako ya IP haina thamani. Kampuni haifuatilii kwa sababu inaweza, inafuatilia kwa sababu inalipa.

Kaka aliuliza Marekani, basi tazama hesabu. Mwenye haki aliyesajili kazi yake kabla ya kukiukwa anaweza kuchagua fidia ya kisheria bila kuthibitisha hasara: dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na ikithibitika ni makusudi inapanda hadi 150,000. Jammie Thomas-Rasset alihukumiwa kwa nyimbo 24 alizokuwa nazo kwenye Kazaa, programu ya zamani ya kugawana mafaili, na kiasi kilichosimama mwishoni mwaka 2012 ni dola 222,000. Joel Tenenbaum, nyimbo 30, dola 675,000. Mtu akiwa na namba hizo mbele yake, akaletewa barua inayosema "lipa elfu chache tuyamalize", analipa. Biashara nzima imesimama juu ya pengo hilo kati ya kiasi cha barua na kiasi cha mahakama.

Sasa tazama Kanada. Kwa ukiukaji usio wa kibiashara fidia ya kisheria ni dola za huko 100 hadi 5,000 kwa kazi zote kwa pamoja, si kwa kila kazi. Tangu Januari 2015 mtoa huduma anawajibika kumfikishia mteja ilani, na mwaka 2018 wakapiga marufuku kuweka madai ya malipo ndani ya ilani hizo. Torenti ni ileile, IP inaonekana vilevile, lakini anayefungua barua hakuti ndani bei ya kununua amani.

#8 Mlinzi wa Ruta
Bado watu wanashtakiwa Kanada. Hoja yako inapunguza kasi, haifuti.

#9 Fundi Traka
Nirekebishe kidogo #7. Kesi ya Thomas haikuwa nyepesi hivyo kisheria. Hukumu ya kwanza ilitupwa na jaji mwenyewe mwaka 2008 kwa sababu aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba kuweka wimbo kwenye folda ya kugawa kunatosha kuitwa usambazaji, kisha akaona alikosea. Marekani swali la "kuweka wazi" dhidi ya "kusambaza kwa kweli" lilibaki linabishaniwa, wakati Ulaya haki ya kuweka kazi mbele ya umma imeandikwa waziwazi, ikitokana na mkataba wa WIPO (shirika la kimataifa la miliki bunifu) wa mwaka 1996. Kwa hiyo kampuni kupakua kipande kutoka kwako si mapambo, ni kuziba tundu hilo.

#10 Wakili wa Zamu
Sawa, nakubali nyongeza. Hukumu ya 222,000 ilisimama bila swali hilo kuamuliwa.

#11 Nahodha wa Data
Mmeng'ang'ana na IP kana kwamba IP ni mtu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 9 ya Marekani, kesi ya Cobbler Nevada dhidi ya Gonzales, ilisema kuwa na jina lililosajiliwa kwenye IP peke yake hakutoshi kujenga dai dhidi ya mtu huyo. Pale intaneti ilikuwa ya nyumba ya malezi ya watu wazima, inatumiwa na wakazi na wageni.

Halafu kuna makosa ya kiufundi yanayoangusha ushahidi. Watoa huduma wengi sasa wanawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Bila namba ya poti ya upande wa mteja, saa sahihi hadi sekunde haisaidii, na ndiyo maana RFC 6302, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2011, uliwashauri wenye seva waandike poti ya chanzo pamoja na saa. La pili ni ukanda wa saa. Mfuatiliaji anaandika UTC (saa ya kimataifa), logi ya mtoa huduma ni saa ya mahali, mtu wa kulinganisha anasahau kubadili, anayetajwa ni jirani aliyepewa IP hiyo saa kadhaa kabla au baadaye.

#12 Bi Hashi
Nahodha, hilo ni la Kanda ya 9. Ulisafirishe kwa tahadhari. Ujerumani mambo ni tofauti: mwenye akaunti ya intaneti ndiye anayedhaniwa kwanza, na ni juu yake kueleza kwa kina nani mwingine angeweza kuutumia mtandao wakati huo. "Wako wengi nyumbani" bila maelezo haikubaliki.

Mahakama yao Kuu ya Shirikisho mwaka 2012, kesi ya Morpheus, iliwaachilia wazazi ambao walikuwa wamemkataza mtoto wao kugawana mafaili, ikasema hawalazimiki kumpekua kila wakati kama hawana sababu ya kumshuku. Lakini mwaka 2017 wazazi wengine waliokwishajua ni mtoto yupi kati ya watoto wao aliyefanya, wakakataa kumtaja, walibebeshwa wao.

Kuhusu waifai iliyo wazi, mwaka 2010 mahakama hiyo ilisema mwenye ruta asiyeweka ulinzi unaofaa anaweza kudaiwa gharama za onyo, na mabadiliko ya sheria ya 2017 yakaliondoa hilo kwa kiasi kikubwa. Ufaransa mlango ni mwingine kabisa: hawakuadhibu kwanza kugawana, wanaadhibu uzembe wa kutolinda mtandao wako. Onyo la kwanza kwa barua pepe, la pili kwa barua ya kusainiwa, na ukirudia faili linaweza kwenda kwa mwendesha mashtaka, faini hadi euro 1,500. Kazi hiyo, iliyokuwa ya taasisi iitwayo Hadopi, iko chini ya mdhibiti aitwaye Arcom tangu Januari 2022.

#13 Kaka Bandiko
Kumbe mtu anaweza kuadhibiwa kwa nywila dhaifu ya ruta. Fundi na Mlinzi, leo mmepata kazi ya kufanya.

#14 Mchimba Kisima
Tumekaa sana kwenye torenti. Linki za moja kwa moja na wingu je?

#15 Bi Hashi
Hapa lazima umtofautishe aliyepakia, mwenye seva, aliyeweka linki kwenye ukurasa wake, na aliyeshusha. Watu wanne, hatari nne.

Aliyepakia ndiye aliye wazi zaidi, na tofauti na torenti, ameacha akaunti, barua pepe, labda kadi ya malipo, na logi ya saa na IP, vyote mahali pamoja. Seva ikikamatwa vinakwenda vyote. Megaupload ilifungwa Januari 2012 na seva zake zikazuiwa pamoja na mafaili halali ya watu waliokuwa wamehifadhi kazi zao wenyewe, ambao hawakupata njia rahisi ya kuyarudisha. Hiyo nayo ni hatari ya kisheria hata kwa asiyekosa.

Mwenye seva anajikinga kwa utaratibu wa ilani na kuondoa. Kwa sheria ya Marekani ya 1998 anatakiwa awe na wakala aliyesajiliwa wa kupokea ilani, aondoe haraka akijulishwa, na awe na sera ya kuwafungia wanaorudia. Faili lako likiondolewa kimakosa unaweza kuleta ilani ya kupinga, ukiapa kwa adhabu ya kiapo cha uongo. Mwenye haki asipofungua kesi, faili linarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Wengi hawaitumii kwa sababu inawalazimu kutaja jina, anwani na kukubali mamlaka ya mahakama.

Aliyeweka linki: Ulaya, kesi ya GS Media ya 2016, aliyeweka linki ya kazi isiyo na idhini kwa lengo la faida anachukuliwa kuwa alijua. Asiye na faida lazima ithibitike alijua au alipaswa kujua. Matangazo machache kwenye blogu yako yanaweza kukuhamisha kutoka kundi la pili kwenda la kwanza.

#16 Fundi Traka
Niongeze upande wa wingu. Huduma kadhaa zinalinganisha hashi ya faili na orodha ya mafaili yaliyowahi kulalamikiwa, hasa pale unapotengeneza linki ya kumpa mwingine. Ndiyo maana faili linakaa kwenye akaunti yako mwaka mzima bila neno, siku unapobonyeza "shiriki" linazuiwa. Si kwamba mtu amefungua na kulitazama. Na zingatia mipangilio: "yeyote mwenye linki" na "watu niliowataja" kisheria si kitu kimoja. Ya kwanza inakaribia umma, maana linki ikibandikwa kwenye grupu huna udhibiti tena.

#17 Pwani ya Bitu
Usenet jamani. Hakuna aliyeigusa. Unashusha kutoka seva ya mtoa huduma kwa muunganiko uliosimbwa, poti 563, hupakii hata baiti moja, hakuna kundi, hakuna anayekuona. Kwa hoja ya Wakili umetoka kwenye kosa la kupakia, kwa hoja ya Mlinzi umetoka kwenye macho ya watu. Kwa nini isiwe salama?

#18 Wakili wa Zamu
Kwa sababu kunakili kumebaki. Umeondoa swali la pili la #1, la kwanza na la tatu yako palepale. Tena la tatu limezidi uzito: unalipia huduma kwa mwezi, unatafuta faili la NZB (linaloonyesha vipande viko wapi kwenye Usenet) kwenye faharasa, unalipa na faharasa. Ni vigumu kusema hukujua. Na akaunti yako ina jina na malipo. Kinachopungua ni uwezekano wa kufuatwa, uharamu hauondoki. Watu wanavichanganya hivyo viwili kila siku.

#19 Pwani ya Bitu
Lakini swali la uzi ni ipi inakuweka pabaya *zaidi*. Uwezekano wa kufuatwa ndio unaompa mtu hatari. Sheria isiyofikishwa kwako ni karatasi.

#20 Wakili wa Zamu
Hatuafikiani hapo, na sitarajii tuafikiane leo.

#21 Nahodha wa Data
Pwani, kuna kitu kinaitwa kiwango cha jinai. Marekani tangu 1997 huhitaji hata kupata senti. Ukinakili au kusambaza kwa makusudi nakala zenye thamani ya rejareja inayozidi dola 1,000 ndani ya siku 180, ni jinai. Na tangu 2005, kuweka mtandaoni kazi ambayo haijatoka sokoni ni kosa zito bila kujali thamani. Uingereza mwaka 2017 ilipandisha kifungo cha juu cha ukiukaji wa mtandaoni kutoka miaka 2 hadi 10. Kifungu cha siku 180 kinataja kunakili pia, hakiishii kwenye kupakia.

#22 Kaka Bandiko
Na VPN, ile huduma ya kupitishia intaneti yako kwenye seva ya mwingine? Maana kila tangazo linasema "jilinde".

#23 Mlinzi wa Ruta
VPN inabadili anwani inayoandikwa kwenye kundi, basi. Kitendo ni kilekile na sheria inayokihukumu ni ileile. Kuna jambo la pili ambalo matangazo hayalitaji: kuonekana kunahamia kwa mwenye VPN, na usalama wako sasa ni ahadi yake juu ya logi, chini ya sheria za nchi aliyosajiliwa.

Tor, mtandao wa kuficha utambulisho, ndiyo kabisa si ya torenti. Haipitishi UDP (moja ya njia za kutuma data), kwa hiyo DHT inatoka nje ya handaki au inashindwa, na baadhi ya programu zilikuwa zinaandika IP yako halisi ndani ya ujumbe wa traka. Wenye Tor wenyewe walilieleza hili mwaka 2010 na kuwaomba watu waache.

#24 Bi Hashi
Na IPFS, mfumo wa kugawana mafaili bila seva ya kati, iliyowafanya watu waamini "haina seva basi haina kosa". Nodi yako (kompyuta yako ndani ya mtandao huo) ikivuta kitu inakiweka kwenye kache, na kwa mpangilio wa kawaida inautangazia mtandao kwamba inacho na inawapa wanaokiomba mpaka usafishaji wa kache upite. Ni tabia ya torenti bila dirisha linalokuonyesha uwiano. Ukibandika kitu kisifutwe, umejichagulia kuwa mhifadhi wake wa kudumu.

#25 Mwana Leseni
Uzi mzuri, ila mnaongea kana kwamba torenti yote ni haramu. Mifumo ya Linux inagawiwa kwa torenti na wenyewe, Internet Archive inatoa torenti za mikusanyo yake. Njia ni halali, kinachopita ndani ndicho kinachohukumiwa.

Lakini hata kwenye halali kuna masharti. GPL, leseni ya programu huria, inamtaka anayesambaza programu atoe na msimbo chanzo. Je, aliyekuwa anapakua tu na mashine ikagawa vipande njiani naye anadaiwa msimbo? Toleo la 3 la mwaka 2007 lililiona hilo, kifungu cha 9 kinasema usambazaji unaotokea kwa sababu tu ya kupokea nakala kwa njia ya rika kwa rika hauhitaji kukubali leseni. Toleo la 2 halina kifungu hicho. Na leseni ya Creative Commons yenye NC (isiyo ya kibiashara): ukiiweka torenti yake kwenye ukurasa unaoingiza pesa za matangazo, jiulize kama bado hufanyi biashara.

#26 Pwani ya Bitu
Swali la pembeni: nimelinunua faili kihalali. Kwa nini nisimpe rafiki kama kitabu cha karatasi?

#27 Wakili wa Zamu
Kwa sababu ukitoa kitabu cha karatasi wewe hubaki nacho, na hakuna nakala mpya iliyozaliwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 2 ya Marekani, iliyoko New York, iliikataa biashara ya ReDigi ya kuuza upya nyimbo zilizonunuliwa, ikisema kuhamisha faili ni kutengeneza nakala. Desemba 2019 mahakama ya Ulaya ikasema vivyo hivyo kwa vitabu vya kielektroniki, kesi ya Tom Kabinet. Ajabu ni kwamba leseni ya programu ya kompyuta inaweza kuuzwa tena Ulaya tangu kesi ya UsedSoft ya 2012, mradi muuzaji afute yake.

#28 Mwana Leseni
Sioni mantiki ya programu kuuzika na kitabu kutouzika. Maagizo mawili tofauti ya Ulaya ndiyo yameleta hili, si asili ya faili.

#29 Nahodha wa Data
Kabla hamjaondoka, hatari nyingine isiyo ya hakimiliki. Programu za zamani za rika kwa rika zilikuwa zinauliza "folda ya kugawa ni ipi", mtu anachagua folda yake yote ya nyaraka. Februari 2010 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia taasisi karibu 100 kuzijulisha kuwa taarifa za wateja na wafanyakazi wao zimeonekana kwenye mitandao hiyo. Na Ulaya tangu kesi ya Lindqvist ya 2003, kuweka taarifa za watu mahali ambapo idadi isiyojulikana ya watu inazifikia hakuhesabiwi kuwa jambo la nyumbani. Jedwali la majina na namba za simu lenye linki ya "yeyote mwenye linki" linaweza kukugharimu zaidi ya filamu.

#30 Kaka Bandiko
La mwisho kutoka kwangu: barua imeshafika. Mtu afanye nini?

#31 Wakili wa Zamu
Angalia tarehe ya mwisho kwanza, kisha vitu hivi: hashi ya torenti na jina la kazi, saa pamoja na ukanda wake, namba ya poti, na uthibitisho kwamba aliyeandika anamwakilisha mwenye haki kweli. Usifute kitu kwenye kompyuta. Ukifuta baada ya kupata taarifa unageuza kesi ya fidia kuwa kesi ya kuharibu ushahidi. Usipige simu kujieleza. Na kama ni Ujerumani, hati ya ahadi waliyoambatisha usiisaini kama ilivyo, maana ni mkataba unaokufunga kwa miaka mingi na una adhabu kwa kila kurudia. Mara nyingi inaweza kuandikwa upya kwa masharti membamba zaidi. Gharama ya wakili wao kwa mtu binafsi, kwa kawaida, inahesabiwa juu ya thamani ya euro 1,000, kwa hiyo ilinganishe na walichoandika.

#32 Mlinzi wa Ruta
Aongeze logi za ruta, orodha ya vifaa vilivyopewa anwani siku hiyo. Azihifadhi leo, ruta nyingi zinafuta zikizimwa.

#33 Nahodha wa Data
Mlinzi, kuwa mwangalifu na ushauri huo. Logi hiyo inaweza kumsafisha, na inaweza kuonyesha kwamba kifaa pekee kilichokuwa hewani saa hiyo ni chake. Aisome na wakili kabla ya kumwonyesha mtu.

#34 Mlinzi wa Ruta
Aihifadhi kwanza. Isiyokuwepo haisomwi na wakili yeyote.